Opareta haajiriwi getini

Mashine ya kufungasha vyakula hufika bandari ya Mombasa kutoka China, India au Italia ikiwa imekatiwa bima na kupigiliwa ndani ya kasha la mbao. Mara nyingi fundi wa kampuni iliyoiunda hupandishwa ndege aje kuifunga na kuiwasha. Mwenye kiwanda naye ameshinda benki miezi kadhaa akiupigania mkopo wake. Lakini mtu atakayesimama mbele ya mashine hiyo kutwa nzima huchaguliwa na bawabu. Alfajiri, pale Shimanzi, bawabu hutoka nje, akautazama umati uliojipanga ukutani, akanyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye shati la buluu.

Mtindo huo unafaa kwa kupakua magunia. Kwa opareta ni hasara, na viwanda vingi vya Mombasa vimeizoea hasara hiyo hadi vimeacha kuihesabu.

Viwanda vyenyewe viko katika ukanda mmoja. Kisiwani ni Shimanzi, ubavuni mwa bandari, kwenye magodauni ya chai na vinu vya unga vinavyosaga ngano iliyoshushwa melini. Ukivuka Makupa unaingia Changamwe, halafu Mikindani, Jomvu na Miritini, ukiifuata barabara ya Nairobi hadi Mariakani kwenye mabati. Humo mnasagwa unga, mnakamuliwa mafuta, mnashonwa nguo za kuuzwa ng'ambo, mnachanganywa na kufungashwa chai ambayo mnada wake ulihamia Mombasa mwaka 1969. Kila laini ya kazi hizo ina mtu mmoja au wawili ambao wakikosekana, wengine wote husimama mikono mfukoni. Hao ndio maopareta.

Tatizo ni kwamba opareta hana kabila lake kiwandani. Fundi ana cheti na sanduku la zana, na supavaiza ana ofisi. Kibarua anajulikana ni kibarua. Opareta yuko katikati: haitengenezi mashine, lakini ndiye wa kwanza kusikia mlio wake umebadilika. Agizo la mishahara la serikali limeiona tofauti hiyo, ndiyo maana lina ngazi ya kibarua wa kawaida, ngazi ya mtunza mashine, na nyingine juu yake kabla ya kufika kwa fundi mwenye daraja. Katika agizo lililoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida mjini kama Mombasa aliwekewa Sh16,113.75 kwa mwezi kuwa kima cha chini. Ukiongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, inakuwa Sh18,530 na ushee. Kumwandikisha opareta kwenye ngazi hii ya chini kabisa, kisha kumdai awe macho kama fundi, ni mchezo unaojulikana vizuri katika viwanda vya mji huu.

Mombasa imeyapitia haya zamani. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliweka chini kazi, kuanzia makuli wa bandarini hadi wafanyakazi wa reli na wa majumbani, na kwa siku 12 mji ulisimama. Walikutana kila siku Kiwanja cha Maskini, na kutoka hapo likatokea jina la kiongozi wao, Chege Kibachia, na chama cha African Workers' Federation. Serikali ya kikoloni ilimkamata Agosti mwaka huohuo na kumpeleka uhamishoni Baringo. Lakini hoja ya mgomo haikwenda naye. Katika miaka ya 1950 waajiri wa bandarini walianza kuuacha mtindo wa kuokota watu kwa siku, wakasajili makuli wao, na kufikia mwisho wa muongo huo wengi walikuwa wameingizwa katika kazi ya mwezi. Haikuwa huruma. Meli iliyosubiri ilikuwa na gharama, na mtu asiyejua kama kesho atachaguliwa hakuwa na sababu ya kujifunza kazi wala kuharakisha.

Bandari ilijifunza hivyo miaka 70 iliyopita. Baadhi ya viwanda vilivyo umbali wa kutembea kwa mguu kutoka getini mwake havijajifunza bado.

Sheria haiwaachii visingizio vingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, mkataba wake utahesabiwa kuwa wa mwezi. Kuendesha mashine ya kufungasha unga ni kazi inayoisha lini? Haiishi. Kwa hiyo opareta wa kutwa, kisheria, ni kiumbe asiyeweza kudumu.

Dawa waliyoibuni wenye viwanda ni mapumziko. Mtu hufanya kazi wiki kadhaa, huambiwa akapumzike, kisha huitwa tena kana kwamba ni mgeni. Wengine huwapitisha watu kwa wakala, ili karatasi zioneshe opareta ni wa kampuni nyingine kabisa. Na wapo wanaolipa kwa kipande, kwa gunia au kwa tani. Hapa pana jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui: mwaka 2017, katika kesi ya kampuni ya Krystalline Salt dhidi ya wafanyakazi 68 wa mashamba ya chumvi ya Pwani, Mahakama ya Rufaa ilitenganisha kazi ya kipande na kazi ya kibarua, na kushikilia kwamba kifungu cha 37 kinamlinda kibarua. Anayelipwa kwa kipande asijidanganye kwamba miezi pekee itambadilisha.

Lakini tuiweke sheria kando, tuongee hesabu. Opareta mpya wa mashine ya kufungasha hutumia wiki zake za mwanzo akiharibu mali. Taya za kuziba pakiti zikiwa na moto mdogo, pakiti inapasuka dukani. Moto ukizidi, nailoni inayeyuka na laini inasimama. Mzani ukiteleza kwa gramu chache, ama mteja anaibiwa, kiwanda kikaingia matatani na wakaguzi, ama kiwanda kinajiibia chenyewe kila pakiti inayotoka. Tarehe ya mwisho ya matumizi ikigongwa mahali pasipo, katoni nzima inarudi. Mtu huyo akishaijua mashine, akajua kwamba saa za jua kali roli ya nailoni hulegea na lazima abane kidogo, anaambiwa akapumzike. Anayekuja baada yake anaanza kuharibu upya. Hasara hii haina ukurasa wake katika vitabu vya kampuni. Inajificha katika safu ya malighafi zilizopotea, na mhasibu huilaumu mashine.

Viwanda vya nguo vya EPZ, yaani vinavyozalisha bidhaa za kuuzwa ng'ambo, pamoja na lawama zao zote, vimewatangulia wenzao katika jambo moja: vinampima mtu kwa mikono yake. Anayeomba kazi ya cherehani hukalishwa kwenye mashine ya kiwandani, ambayo kasi yake si ya cherehani ya kukanyaga barazani, akapewa vipande vya kitambaa ashone mfuko au kola huku saa ikihesabu. Mkaguzi anatazama mshono, na anatazama pia kama mtu anajua kuipitishia nyuzi ovaloki bila kuuliza. Kwa dakika chache anajulikana kama ataingia laini au ataanza kuwa helpa. Cheti kinakuja baadaye. Ni kweli viwanda hivyohivyo vilitikiswa na migomo mapema mwaka 2003, mara tu baada ya serikali ya NARC kuingia, kwa sababu ya mishahara na jinsi watu walivyotendewa. Kumpima mtu vizuri hakumzuii mwajiri kumtumia vibaya. Lakini kipimo chenyewe ni kizuri, na kiwanda cha unga au mafuta kinaweza kuwa nacho: mweke mwombaji mbele ya mashine iliyoharibiwa makusudi, umwone anaanzia wapi. Anayekimbilia kubonyeza vitufe huyo bado. Anayesimama kwanza, akaizima, akatazama, huyo ana mwanzo.

Mji wa Kale una njia yake, ya zamani zaidi. Mpishi wa halua haandiki tangazo. Kijana huingia jikoni kwa sababu ni mtoto wa ndugu au wa jirani, akaanza na kuosha sufuria za shaba, akapewa mwiko mrefu, akakoroga wanga, sukari na samli juu ya moto hadi mabega yawake. Inapita miaka kabla hajaaminiwa kusema yeye mwenyewe kwamba sasa halua imeiva, kwa kuiona inaachana na sufuria na samli inajitoa pembeni. Hakuna anayemwambia akapumzike baada ya wiki kadhaa. Mwenye duka angekuwa mwendawazimu kumpeleka kwa mshindani. Njia hiyo nayo ina ukuta wake. Biashara ikikua, mathalani wale wa mabuyu na kachri wanaponunua mashine ya kupima na kuziba pakiti, mtoto wa ndugu hawezi kutosha, na asiye na ndugu hana mlango wa kuingilia. Huwezi kujenga kiwanda cha shifti tatu kwa ukoo.

Tukitaja shifti, tutaje na maji. Kisiwa hiki humfanya mwajiri awe mtaalamu wa vivuko apende asipende. Opareta anayekaa Likoni kwa kawaida huvuka kwa feri, na anayeingia zamu ya alfajiri huamka usiku wa manane ili feri ikichelewa yeye asichelewe. Kiwanda kisichouliza mtu anakaa wapi, au kinachobadilisha zamu saa ambazo matatu hazipatikani, kitalalamika daima kwamba watu wa Pwani hawafiki kazini kwa wakati. Kwa wanawake, na kwenye nguo na vyakula ndio wengi, zamu ya kutoka usiku bila gari la kampuni ni sawa na tangazo kwamba hawatakiwi. Mwezi wa Ramadhani unataka mpango wake. Mtu aliyefunga kusimama karibu na tanuri tangu saa nane mchana hadi jua linapotua ni hatari kwake na kwa vidole vyake, na supavaiza mwenye akili humhamishia zamu ya usiku mapema, wala hangoji aombwe.

Kuna suala ambalo kurasa za biashara hulikwepa: nani anaajiriwa. Malalamiko kwamba kazi za viwandani huchukuliwa na watu wa bara ni ya zamani mjini hapa, na kila uchaguzi huyafufua. Malalamiko ya pili ni ya hongo: nafasi inauzwa getini kabla haijatangazwa. Yote mawili yanatoka kwenye shina moja. Pale ambapo kazi hutolewa kwa kidole cha bawabu au kwa simu ya supavaiza, atakayepata ni anayejulikana na bawabu au supavaiza. Kipimo cha wazi mbele ya mashine, na orodha ya matokeo ikabandikwa ukutani, kingeyapunguza malalamiko hayo kuliko hotuba zote za wanasiasa.

Mafunzo yapo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu ya MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kwa shabaha ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ufundi wa mikono. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ina kituo Mombasa, na hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, hata kwa mtu aliyejifunzia kazini. Kila mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kudai arudishiwe gharama akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Mwenye kiwanda anayelipa ushuru huo mwaka baada ya mwaka bila kumpeleka opareta hata mmoja anawasomesha wafanyakazi wa washindani wake.

Hofu ya waajiri nayo isidharauliwe. Makato yameongezeka: ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri, juu ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF. Na kwa wenye viwanda vya nguo, sheria ya Marekani ya AGOA, iliyowafungulia soko bila ushuru tangu mwaka 2000, ilifikia ukomo wa muda wake Septemba 2025. Asiyejua kama atakuwa na oda baada ya miezi 6 ana sababu ya kuogopa ajira ya kudumu. Lakini hofu hiyo ina jibu lake katika sheria ileile: mkataba wa maandishi wa muda maalumu, wa miezi 6 au mwaka, wenye likizo na stahili zake, unaoisha kwa tarehe inayojulikana na pande zote. Vilevile sheria inaruhusu kipindi cha majaribio cha hadi miezi 6. Anayeshindwa kumjua opareta wake kwa miezi 6, tatizo halipo kwa opareta.

Na wewe unayetafuta kazi hiyo, usianze kwa kununua vyeti. Tangu Sheria ya Ajira irekebishwe mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kukudai vyeti vya kuonesha huna deni wala kosa kabla hajakusudia kukupa mkataba. Kwenye vyakula utahitaji kipimo cha afya, nacho hurudiwa kila miezi 6. Ukishaanza, weka kumbukumbu ya kila siku uliyofanya kazi na kila shilingi uliyolipwa, hata kama ni kwenye daftari la shule. Kabla miezi 2 haijaisha, dai maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yakitaja cheo, mshahara na saa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinakupa haki hiyo. Siku ya kuondoka, kwa heri au kwa shari, usiondoke bila cheti cha utumishi, maana bila hicho kiwanda cha pili hakitajua unachokijua.