Barafu ya Supu kwa Mbwa Wakati wa Joto

Msicheke kwanza. Tunajua kwamba habari ya kumtengenezea mbwa kitu baridi cha kulamba inasikika kama mambo ya wazungu, na kweli wao ndio wameizoea. Huko Marekani na Uingereza joto lao huwa Juni hadi Agosti, na miezi hiyo watu wengi hugandisha supu au matunda wakawapa mbwa wao. Kwetu Kenya Julai ni mwezi wa makoti. Shida yetu huja Januari hadi Machi, kabla mvua ndefu haijaanza. Mtu wa Kitui, Tharaka, Tana River, Garissa au Turkana hahitaji kuelezwa jua hilo ni la namna gani.

Tumeona tuandike jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya vikundi vina friza ya kuuzia barafu, samaki au maziwa, na kona ndogo ya friza hiyo inatosha kazi hii. Pili, mbwa wa ulinzi ni mali ya kikundi kama vile mbuzi walivyo mali. Mbuzi wa mradi wakiwa zizini na kuku wakiwa bandani, anayekesha ni nani? Mweka hazina amelala, mwenyekiti amelala. Mbwa akifa kwa joto mwezi wa Februari, mwizi na mnyama wa porini hawangojei mpate mwingine.

Mbwa hatoi jasho kama sisi

Mambo ni hivi. Mtu akisikia joto, ngozi yake yote hutoa jasho, na jasho likikauka mwili unapoa. Mbwa hana jasho la namna hiyo ila kidogo tu chini ya nyayo. Yeye hujipoza kwa kuhema. Hufungua mdomo, hutoa ulimi nje, na pumzi ya haraka haraka hukausha unyevu wa ulimi, mdomo na pua. Unyevu ule ukikauka huondoka na joto. Kwa hivyo mbwa anayehema anatumia maji, na maji yakimwishia mwilini hana njia nyingine ya kujisaidia.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama digrii 38 hadi 39, juu kidogo kuliko letu. Likipita 41 yuko hatarini, na anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Kule pwani kuna jambo jingine tena. Hewa yenyewe ina unyevu mwingi, kwa hivyo ulimi haukauki upesi, na mbwa anaweza kuhema bila kupata nafuu hata kama jua halionekani kuwa kali. Wanaoumia zaidi ni watoto wa mbwa, wazee, walionona, wenye manyoya marefu na wale wa pua fupi iliyobonyea.

Lakini anayeumia kuliko wote, na hili tunalisema bila kuficha, ni yule aliyefungwa mnyororo mchana kutwa kando ya kibanda cha mabati, na sahani yake ya maji imepinduka tangu asubuhi. Watu hufanya hivyo si kwa ubaya. Wanaambiwa mbwa akifungwa mchana huwa mkali usiku. Mkali huenda akawa, lakini mbwa aliyekauka koo hana nguvu ya kukimbiza mtu. Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama maji kuwa kosa.

Kabla ya barafu

Msianze na barafu. Anzeni na maji na kivuli, maana barafu ni nyongeza tu. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anahitaji karibu lita moja ya maji kwa siku ya kawaida, na siku ya joto anaweza kunywa mara mbili ya hiyo. Karai la bati likiwekwa juani maji yake huwa moto mpaka mbwa anayakataa. Tumieni chombo kizito cha udongo, au chimbieni karai kidogo ardhini chini ya mti ili lisipinduke. Kivuli cha mti ni bora kuliko kibanda cha mabati, kwa sababu chini ya mti upepo unapita. Ikiwa lazima mbwa afungwe, kumbukeni kwamba kivuli kinatembea. Palipo na kivuli saa tatu asubuhi patakuwa jua tupu saa nane.

Namna ya kutengeneza

Sasa tuje kwenye supu. Siku mnapochemsha mifupa, miguu ya kuku au kichwa cha mbuzi, choteni sehemu ya mbwa kabla hamjatia chumvi na kitunguu. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanapika supu ya watu, wanakula, halafu kilichobaki ndicho humpa mbwa, na kitunguu ni sumu kwake hata kikipikwa. Huharibu damu yake pole pole, na mwenyewe hajui mbwa amekuwaje mnyonge. Kitunguu saumu ni vivyo hivyo.

Acheni supu ipoe. Mafuta yakiganda juu yaondoeni kwa kijiko, kwa sababu mafuta mengi humharisha. Chujeni, na mhakikishe hakuna hata kipande cha mfupa kilichobaki. Mfupa uliopikwa hupasuka ukawa na ncha kama sindano, na ndani ya barafu mbwa hawezi kuuona. Kisha ongezeni vipande vidogo vya malenge au viazi vitamu vilivyochemshwa, au nyama kidogo ikiwapo. Wenye omena waioshe vizuri kutoa mchanga na chumvi, waichemshe, watumie supu yake pamoja na omena zenyewe. Wakati wa maembe mnaweza kutumia nyama ya embe bila kokwa, au tikiti maji bila mbegu na bila ganda, mkachanganya na maji. Maziwa mabichi yasipewe mbwa mzima kwa wingi, mengi huwatibua tumbo. Maziwa lala kidogo ni afadhali.

Mimineni kwenye kikombe cha plastiki au mkebe mdogo usio na kutu. Msijaze mpaka ukingoni, kwa sababu maji yakiganda hutanuka karibu sehemu moja kwa kumi. Wekeni frizani usiku kucha. Kesho yake chovyeni kikombe katika maji kidogo, na barafu itateleza yenyewe. Iacheni nje kama dakika tano ndipo mumpe, ili isinate ulimini.

Ukubwa wake una maana. Kipande kidogo kama kile cha soda mbwa atakimeza kizima au akitafune na kuvunja jino. Kipande cha kujaza kikombe atakilamba, na kulamba ndiko tunakotaka. Mpeni kivulini, saa sita au saa saba, kila mbwa peke yake, maana hata mbwa ndugu hupigania kitu kitamu. Watoto wakae mbali mpaka amalize. Kikombe kimoja kwa siku kinamtosha mbwa wa kienyeji. Hicho si chakula chake cha siku, ni kitamu cha juu tu, na ugali wake abaki nao.

Barafu inasaidia kiasi gani? Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto jingi, kiasi cha kutosha kupasha kilo ya maji yaliyo baridi kama barafu mpaka digrii 80. Ni nguvu kubwa. Lakini kikombe kimoja si kilo, kwa hivyo faida yake kubwa zaidi ni kwamba mbwa anapata maji ambayo pengine asingekunywa, na anatulia mahali pamoja kivulini badala ya kuzungukazunguka juani.

Vitu vya kuepuka

Mbali na vitunguu, msitie zabibu, hata zile kavu, wala chokoleti, kahawa, majani ya chai, au chingamu isiyo na sukari. Wenzetu wa Embu, Meru na Murang'a wasikilize hapa: makadamia ni sumu kwa mbwa, ingawa sisi tunaila bila shida. Kokwa la ovakado humkwama kooni au tumboni. Machicha ya pombe ya kienyeji ndiyo tusitaje.

Unga au mahindi yenye ukungu yasitumike hata kidogo. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2004, wakati mahindi yenye sumu ya ukungu yalipowaua watu 125 kati ya 317 waliougua, hasa upande wa Makueni na Kitui. Sumu ile ile humwua mbwa pia, na kugandisha hakuiondoi. Kugandisha si kupika. Vivyo hivyo maini na mapafu yenye vivimbe vya maji yasipewe mbwa yakiwa mabichi. Mbwa hupata minyoo humo, kisha mayai ya minyoo hutoka kwenye kinyesi chake yakamwingia mtoto anayecheza naye, na miaka mingi baadaye mtu huyo hupata uvimbe mkubwa tumboni. Watu wa Turkana na Umasaini wameteseka sana na ugonjwa huu. Vitu hivyo vichemsheni nusu saa au zaidi, au mvizike shimo refu.

Friza ni ya nani?

Tafadhali, friji ya dispensari isiguswe. Chanjo za watoto zinatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, na kila mlango unapofunguliwa ovyo joto linaingia. Hata kama muuguzi ni dada yako wa tumbo moja, usimwombe.

Friza ya kikundi inayouza samaki au maziwa ni sawa, mradi vikombe vya mbwa viwe na kifuniko, alama, na kona yao. Msitumie karatasi za nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata kama mnayo ya zamani, mbwa huimeza pamoja na supu ikamziba matumbo.

Hapa kuna swali ambalo huulizwa kwenye mikutano, nalo ni swali la haki. Stima ni ghali, na kuna nyumba ambazo watoto hawajaonja barafu. Je, tumpe mbwa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inasema mambo mawili pamoja: si haki kuwatesa wanyama bila sababu, na pia si haki kuwatumia wanyama fedha ambazo zingepunguza taabu ya watu. Sisi tunalielewa hivi: msinunue nyama wala barafu kwa ajili ya mbwa, wala msiwashe friza kwa ajili yake. Tumieni supu ya mifupa ambayo ingemwagwa na nafasi ambayo iko tupu. Mwanakikundi akiona hata hilo ni kubwa mno, asilazimishwe, lakini maji na kivuli si mambo ya hiari.

Kama hakuna friza

Chungu cha udongo kinachovuja jasho kinatosha. Maji yakikauka nje ya chungu huondoa joto, na yaliyo ndani hupoa, kazi ile ile ya ulimi wa mbwa. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliweka chungu ndani ya chungu kingine na mchanga mbichi katikati, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Supu iwekwe humo asubuhi, mbwa apewe adhuhuri, isilale mpaka kesho kwa sababu itachacha. Ukambani na kaskazini njia hii ni nzuri sana. Pwani, kwa ule unyevu tuliosema, haitapoza sana.

Akianguka

Mbwa aliyepigwa na joto huhema kwa nguvu bila kukoma, ufizi huwa mwekundu sana, hutapika, huyumba, kisha huanguka. Huyo msimpe barafu ya kula. Mpelekeni kivulini mara moja, mummwagie maji mwili mzima, mumpepee kwa gazeti au kipande cha boksi. Endeleeni kumwagia. Msimfunike gunia lililolowa mkaliacha, maana hufungia joto ndani. Akiweza kumeza, mpeni maji kidogo kidogo. Akianza kutulia ndipo mtafute afisa wa mifugo, kwa kuwa matumbo na figo huweza kuwa zimeumia hata kama amesimama.

Lakini tahadhari. Mbwa anayetoka mate, asiyeweza kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, au ameanza kuuma vitu na watu bila sababu, huenda ana kichaa cha mbwa, tena hata siku ya baridi. Huyo asiguswe wala asipozwe. Mwiteni afisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa sindano. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hivyo kikundi kikipanga siku ya kuchanja mbwa, mwombeni afisa afike saa moja au saa mbili asubuhi. Foleni iwe chini ya miti, kila mbwa na kamba yake, mbali na mwenzake, na debe la maji liwe karibu. Barafu ya supu wapewe wakishachomwa sindano, wakiwa wamefika nyumbani.