Kabla ya kumfundisha mtoto kujificha kwa wanyama, muulize nani anatazama

Mtoto wa shule ya msingi akiulizwa ni mnyama gani hodari wa kujificha, hutaja kinyonga. Ameambiwa kuwa akiwekwa kwenye kitambaa chekundu atakuwa mwekundu, na kwenye majani atakuwa kijani. Waliomwambia ni watu wazima, nao wamekosea. Kinyonga haigi rangi ya kila anachokikanyaga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ngozi ya kinyonga wa Madagaska ina fuwele ndogo mno. Akiwa ametulia fuwele hizo hukaribiana na kuakisi mwanga wa buluu, ambao ukichanganyika na rangi ya manjano iliyomo ngozini humfanya aonekane kijani. Dume akikutana na mpinzani, fuwele huachana na rangi huelekea manjano na chungwa. Hapo hajifichi hata kidogo, anajitangaza. Kinyonga wa jangwa la Namib naye huwa mweusi asubuhi ili avute joto la jua.

Kosa hilo linatokana na kumtazama mnyama peke yake. Kujificha kunahitaji vitu vitatu: mnyama, mahali alipo, na jicho linalomtafuta. Jicho ndilo tunalolisahau, kwa sababu tunadhani kila kiumbe huona kama sisi. Chuimilia ana rangi ya chungwa inayotuchoma macho, lakini paa anaowawinda hawaitofautishi rangi hiyo na kijani cha nyasi. Pundamilia ni kinyume chake. Vitabu vingi vimesema milia yake humficha asionwe na simba, lakini hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 kuhusu uwezo wa macho ya simba na fisi zilionyesha kwamba mchana, zaidi ya mita 50, wanyama hao hawaioni milia hiyo kabisa. Wakifika karibu kiasi cha kuiona, huenda wameshamsikia au kumnusa. Ushahidi wenye nguvu zaidi leo unaelekeza kwa nzi wanaofyonza damu: farasi waliovishwa mavazi ya milia walituliwa na nzi wachache kuliko waliovishwa ya rangi moja.

Umuhimu wa mahali unaonekana vizuri kwa nondo wa Uingereza mwenye madoadoa. Mwaka 1848 nondo mweusi wa aina hiyo alionekana Manchester, mji wa viwanda ambao masizi yalikuwa yamepaka magome ya miti. Kufikia 1895 weusi walikuwa karibu asilimia 98 mjini humo, kwa kuwa ndege waliwadonoa zaidi weupe. Hewa ilipokuja kusafishwa, mambo yakageuka. Michael Majerus wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliachia nondo 4,864 kwa miaka sita, na safari hii ndege walikula zaidi weusi. Rangi ya nondo mmoja mmoja haikubadilika. Kilichobadilika ni mti, na pamoja nao idadi ya waliosalia kuzaa.

Wapo watakaosema haya ni mazito kwa mtoto wa miaka saba, na kwamba hadithi ya kinyonga inatosha kumvutia, mengine atayajua akikua. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ukweli ungekuwa mgumu kuliko uongo. Swali "nani anamtafuta?" ni jepesi kuliko somo lolote la fuwele, na mtoto anayecheza kibemasa analijua tayari. Wengine watasema kinyonga hujificha kweli. Ni sawa: kijani chake cha utulivu na mwendo wake wa kuyumba kama jani humsaidia sana. Lakini hilo halimfanyi awe kioo.

Walimu na wazazi hawahitaji maabara. Kateni karatasi za kijani na za kahawia, idadi sawa, mzitawanye kwenye nyasi, kisha mwambieni mtoto aokote nyingi awezavyo kwa nusu dakika. Hesabuni zilizobaki za kila rangi. Rudieni kwenye udongo mkavu, na kabla hamjaanza mwacheni yeye abashiri zipi zitapona, na aeleze kwa nini.