Kazi za kutetea haki mpakani: lugha ulizojifunza uhamishoni ni mtaji

Na Mwandishi Wetu, Arua

UKITOKA Vurra, mpakani mwa Uganda na Kongo, ukashika barabara ya lami inayopita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, utakuwa umesafiri kilomita 92 tu. Masikio yako, hata hivyo, yatakuwa yamesafiri mbali zaidi. Utaanza na Kilugbara na Kilingala, utapita katika Kiswahili cha sokoni, utaingia katika Kikakwa na Kinubi, na ukifika Oraba utakikuta Kiarabu cha Juba kinakusubiri ng'ambo, Kaya.

Kwa mfanyabiashara anayenunua Ariwara na kuuza Koboko, hilo si jambo la kushangaza. Ndivyo maisha yalivyo. Vivyo hivyo kwa mtu aliyezaliwa au kukulia ukimbizini, kisha akarudi nyumbani. Lugha hizo alizipata njiani, sokoni na kwenye foleni ya chakula, wala hakupewa cheti chochote.

Ndiyo maana wengi wanapokuta tangazo la kazi la shirika la kutetea haki au kutoa msaada wa kisheria limebandikwa kwenye ubao wa wilaya, macho yao hukimbilia neno "shahada", kisha huondoka. Wengine hawaondoki, bali huangukia mikononi mwa tapeli anayewaambia kwamba nafasi ipo ila inahitaji "kupakwa mafuta kidogo". Makundi yote mawili yanapoteza. Kazi hizi zina ngazi nyingi, na baadhi ya ngazi hizo zinamhitaji mtu wa mpakani hasa.

Pengo ambalo kazi hizi zinaziba

Historia ya West Nile inaeleza kwa nini mashirika haya yapo. Baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakazi wa eneo hili walilipiziwa kisasi. Kuanzia mwaka 1980 maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa na askari. Kuanzia mwaka 1986 watu walianza kurudi kwa wingi. Wengine walitoka msituni baada ya Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 na mkataba wa amani kati ya serikali na kundi la UNRF II, uliotiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002.

Anayerudi hurudi na swali moja: shamba la baba yangu liliishia wapi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatambua umiliki wa kimila, lakini mpaka wa kimila mara nyingi umehifadhiwa katika kumbukumbu za wazee na si kwenye karatasi. Mzee akifariki akiwa ugenini, mwembe uliokuwa alama ya mpaka ukakatwa, kesi imezaliwa.

Baadaye West Nile, iliyokuwa imetoa wakimbizi, ikawa mwenyeji wa wakimbizi. Rhino Camp ilianza mwaka 1980. Lobule, wilayani Koboko, ilianza kupokea Wakongo mwaka 2013. Bidibidi ilifunguliwa mwaka 2016 na Imvepi mwaka 2017, vita vya Sudan Kusini vilipopamba moto.

Katiba ya Uganda inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Inasema pia kwamba mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Lakini wakili wa kulipiwa na serikali ameahidiwa tu mtu anayekabiliwa na kosa ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha. Mjane aliyefukuzwa shambani na mashemeji, kijana aliyeshikwa kwa wizi wa mbuzi na mama ambaye bidhaa zake zimezuiliwa mpakani, wote hao hawamo katika ahadi hiyo. Pengo hilo ndilo mashirika haya yanajaribu kuliziba, na nafasi za kazi zinatoka humo.

Nani huajiri, na huajiri nani

Chama cha wanasheria wanawake, FIDA-Uganda, kilianzishwa mwaka 1974. Foundation for Human Rights Initiative ilianza mwaka 1991. Mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society ulianza mwaka 1992. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere ilianza mwaka 1999, na mwaka 2004 ilichapisha utafiti wake kuhusu usuluhishi wa migogoro ya West Nile. Yako pia mashirika ya kimataifa, kama Norwegian Refugee Council, yenye kitengo cha ushauri na msaada wa kisheria. Kwa upande wa serikali, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda ina ofisi ya kanda mjini Arua.

Ndani ya mashirika ya aina hii mna ngazi kadhaa. Juu kabisa yupo wakili. Huyu lazima awe na shahada ya sheria, awe amepita Law Development Centre na kuandikishwa. Hakuna njia ya mkato, na nafasi zenyewe ni chache.

Chini yake yupo msaidizi wa kisheria. Huyu hasimami mahakamani kumtetea mtu. Kazi yake ni kumsikiliza mwenye shida, kumweleza sheria inasemaje, kumfuatilia ndugu aliyeko mahabusu, kusuluhisha yanayosuluhishika na kumpeleka kwa wakili yale yasiyosuluhishika. Malawi ilianza mwaka 2000 kuwapeleka wasaidizi wa namna hii magerezani na vituo vya polisi, na Uganda ikaufuata mfano huo. Kenya mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017 zilitunga sheria za msaada wa kisheria zinazowatambua. Mara nyingi mtu huchaguliwa na jamii yake, akafundishwa na shirika, akaanza kwa kujitolea na posho ya usafiri kabla ya kupata mkataba.

Halafu wapo wakalimani, wahamasishaji wa jamii, waandikishaji wa malalamiko, watunza takwimu, wahasibu, madereva na walinzi. Dereva anayeijua njia ya Oraba wakati wa mvua na kuweza kuzungumza na askari wa kizuizi bila kugombana ni mtu muhimu katika shirika.

Kwa nini mtu wa mpakani

Tuseme mama mmoja kutoka Sudan Kusini amekuja ofisini Koboko kueleza kwamba mtoto wake ameshikwa. Anazungumza Kiarabu cha Juba. Afisa aliyetoka Kampala na shahada yake safi anaandika alichotafsiriwa: "Mtoto ana miaka kumi na minane." Kumbe mama alisema "anakaribia". Mtoto wa miaka kumi na saba na mtu mzima hawashitakiwi kwa namna moja. Neno moja likipotea njiani, kijana anaweza kulala gerezani pamoja na watu wazima.

Mkalimani mzuri hupungukiwi na madhara ya aina hiyo. Haongezi, hapunguzi, hamshauri mteja kwa siri, na akitoka pale hayapeleki aliyoyasikia kwenye kijiwe cha bodaboda. Tabia hiyo ya kutunza siri hupimwa kwenye usaili kuliko watu wanavyodhani.

Kiswahili chenyewe kina safari ndefu hapa. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa muda mrefu wengi nchini walikiogopa kama lugha ya askari. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, mipaka yote miwili ya barabara yetu ikawa ndani ya jumuiya moja.

Mfanyabiashara naye ana elimu ambayo haifundishwi chuoni. Anajua bidhaa huzuiliwa wapi, risiti ya kweli inafananaje, na malipo gani hayana risiti. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa ushuru kwa bidhaa zilizozalishwa ndani yake zisizozidi thamani ya dola 2,000, ingawa utekelezaji haulingani kila mpaka. Shirika linalotetea wafanyabiashara wadogo linahitaji mtu anayeweza kulieleza jambo hilo kwa mama wa vitenge akaelewa, na ambaye mama huyo atamwamini.

Panga karatasi zako mapema

Wengi huanguka kwenye karatasi, hata kama wana uwezo. La kwanza ni kitambulisho cha taifa kutoka NIRA. Wakazi wa mpakani mara nyingi huambiwa ni Wakongo au Wasudani kwa sababu ya lafudhi. Kumbuka kwamba Katiba inawataja Wakakwa, Walugbara na Wanubi miongoni mwa jamii za asili za Uganda, na kwamba aliyezaliwa Uganda na mzazi au babu wa jamii hizo ni raia; aliyezaliwa nje naye ni raia ikiwa mzazi au babu yake alikuwa raia wa kuzaliwa wa Uganda wakati yeye anazaliwa.

La pili ni vyeti vya nje. Uliyesoma sekondari Kongo au Sudan usivitupe vyeti vyako. UNEB hulinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vya Uganda, na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu hufanya hivyo kwa vya vyuo. Kazi hiyo huchukua muda, hivyo usingoje tangazo litoke.

La tatu ni cheti cha tabia njema cha polisi, kinachotolewa kupitia ofisi ya Interpol. Aliyerudi kutoka msituni na cheti cha msamaha asiogope: msamaha si hukumu ya mahakama. Fomu ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani, hilo ni swali jingine.

Kwa mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa haki ya kutafuta ajira. Naye ana nafasi yake, hasa katika ukalimani.

Katika barua ya maombi, usiandike tu "najua lugha nyingi". Andika ipi unaizungumza, ipi unaisoma, ipi unaiandika, na wapi umeitumia. Kama umewahi kuwa katibu wa chama cha soko, mzee wa kanisa au msikiti aliyesuluhisha ugomvi, au mjumbe wa LC1, hiyo ni kazi ya haki. Iandike pamoja na mwaka na jina la mtu anayeweza kushuhudia.

Tangazo la kweli na la tapeli

Matangazo hupatikana magazetini, kwenye mbao za wilaya na magombolola, kwenye ofisi za kambi, na redioni. Radio Pacis ya Arua, iliyoanza mwaka 2004, husikika mbali. Lakini matapeli nao wanajua kubandika karatasi.

Kanuni ni moja. Shirika la kweli halidai pesa ya fomu, ya usaili, ya mafunzo wala ya "kufungua faili". Ukiombwa kutuma pesa kwa simu, hapo hakuna kazi. Chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2016, shirika haliruhusiwi kufanya kazi wilayani bila kibali na makubaliano ya maandishi na serikali ya mahali hapo. Kwa hiyo, nenda ofisi ya wilaya ukaulize kama shirika hilo linajulikana. Kuuliza ni bure.

Mfereji umepungua maji

Tusidanganyane, hali ya sasa si ya neema. Uhakiki wa serikali wa mwaka 2019 ulipunguza orodha ya mashirika kutoka zaidi ya 14,000 hadi takriban 2,100. Mwaka 2021 mashirika 54 yalisimamishwa, likiwamo Chapter Four linalotetea haki za kiraia, ambalo lilirejea mwaka 2022. Mfuko wa wafadhili wa Ulaya ulioitwa DGF, uliogharimia kazi nyingi za msaada wa kisheria, ulisimamishwa mwaka 2021 na kufungwa mwishoni mwa 2022. Mapema mwaka 2025 Marekani ikasitisha misaada yake mingi kupitia USAID, na watu wengi katika huduma za wakimbizi wakapoteza kazi.

Maana yake ni kwamba nafasi moja leo inagombewa pia na mtu aliyekuwa na kazi jana. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au chini yake, ikifuata fedha za mradi. Ukiajiriwa, dai masharti yako kwa maandishi. Muda wa majaribio kisheria hauzidi miezi sita, na hauongezwi bila ridhaa yako. Mwajiri anapaswa kuweka asilimia 10 ya mshahara wako NSSF, nawe asilimia 5. Ukidhulumiwa, mlango wa afisa kazi wa wilaya uko wazi hata kama anayekudhulumu ni shirika la haki.

Na usifunge kibanda chako. Walio wengi wanaodumu katika kazi hizi ni wale wenye jambo jingine la kuwashika mradi unapokwisha. Mafunzo ya msaidizi wa kisheria hayapotei. Anayejua saa 48 na kwamba dhamana ya polisi hailipiwi ni msaada kwa soko zima, akiwa na kitambulisho cha shirika shingoni au akiwa nyuma ya meza ya sabuni.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waliokwenda Ariwara, Yei na mbali zaidi wakarudi, hawakurudi mikono mitupu kama wanavyodhani. Barabara ya Vurra hadi Oraba ina watu wengi wanaohitaji kusikilizwa kwa lugha yao. Anayeijua lugha hiyo aanze kupanga karatasi zake.