Mzee kupotea njia aliyoizoea: Si uchawi, ni ramani ya ubongo



Wiki chache zilizopita nililetewa mzee mmoja wa hapa mjini Morogoro, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini. Kwa miaka mingi alikuwa akienda msikitini kuswali Ishaa na kurudi nyumbani peke yake. Usiku mmoja alikuta njia yake imechimbwa kwa ajili ya kupitisha mabomba ya maji. Akazunguka kutafuta njia nyingine, asifike. Alikutwa alfajiri amekaa barazani mwa duka karibu na stendi ya Msamvu, salama, alhamdulillah.

Watoto wake hawakuafikiana. Mmoja alisema baba amechezewa, apelekwe kwa mganga. Mwingine alisema huo ni uzee tu, hauna dawa. Nilipowauliza zaidi, binti yake akakumbuka jambo moja: kwa miezi kadhaa baba alikuwa akisimama kuswali chumbani mwake akiwa ameupa mgongo upande wa kibla, mpaka mjukuu amgeuze. Walidhani ni usingizi.

Jambo hilo si dogo. Tuone ni kwa nini.

Alama za nje na ramani ya ndani

Mkazi wa Morogoro hahitaji dira. Milima ya Uluguru iko kusini mwa mji, na kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, huonekana karibu kila mtaa. Makka kwetu iko kaskazini, ikiinama kidogo tu mashariki. Hivyo basi, aswaliye mjini hapa, milima iko nyuma yake. Hizo ni alama za mbali, nazo hutupa mwelekeo. Alama za karibu, kama vile msikiti, mwembe au daraja la mto Morogoro, hutueleza tumefika wapi. Qur'ani tukufu, katika Suratun-Nahl aya ya 16, inazitaja alama na nyota kuwa ni miongoni mwa neema za kuongozea njia.

Lakini alama peke yake hazitoshi. Lazima kichwani kuwe na kitu cha kuzisoma na kuziunganisha. Kitu hicho kimo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kimoja kila upande. Wataalamu hukiita hipokampasi, jina lenye maana ya farasi wa baharini, kwa sababu ya umbo lake lililopinda.

Sisi wa Morogoro tunawajua panya kwa pua zao, kwani hapa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine panya buku hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Habari ya ramani nayo ilijulikana kwa panya. Mwaka 1971, jijini London, John O'Keefe alipima umeme wa seli za hipokampasi ya panya aliyekuwa akitembea. Akaona seli moja inaamka panya afikapo mahali fulani tu, na nyingine afikapo mahali pengine. Kila mahali pana seli zake.

Mwaka 2005, May-Britt Moser na Edvard Moser pamoja na wenzao huko Norway walieleza seli nyingine, jirani na hipokampasi, ambazo huamka katika vituo vilivyopangika kwa umbali ulio sawa, mfano wa sega la nyuki. Hizo ni kama mistari ya vipimo katika ramani. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2014. Zipo pia seli zinazofanya kazi kama dira, zikifuata upande ambao kichwa kimeelekea.

Je, binadamu naye? Utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulionyesha kuwa madereva teksi wa London, ambao hulazimika kuhifadhi maelfu ya mitaa, sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine.

Mazoea yanapoficha ugonjwa

Ndugu msomaji, mtu hufika aendako kwa njia mbili. Ya kwanza ni mazoea: toka mlangoni, kata kulia, pita duka, kata kushoto. Hayo hutunzwa na sehemu nyingine ya ubongo. Ya pili ni ramani, nayo huhitajika pale mazoea yanapokatika, kwa mfano njia inapofungwa ikabidi upite kwingine.

Sasa, katika ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer, hipokampasi na jirani yake ni katika sehemu za mwanzo kuharibika. Ndio maana mzee anaweza kwenda msikitini kila siku bila tatizo, kumbe anaongozwa na mazoea tu. Siku njia ikichimbwa, anabaki hana kitu cha kumwongoza. Na kukosea kibla chumbani mwake kulikuwa ni dalili ileile, iliyotangulia.

Kusahau ulipoweka miwani si ugonjwa. Kupotea mtaani kwako ni jambo la kupelekwa hospitali.

La kufanya

Kwanza, akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mpeleke siku hiyohiyo. Huenda ni malaria, sukari kushuka, maambukizi ya njia ya mkojo, kiharusi, au damu kuvuja kichwani baada ya kuanguka.

Pili, ikiwa hali imekuja polepole, bado apimwe. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, huzuni kubwa na baadhi ya dawa hufanana na ugonjwa huu, na hutibika. Alzheimer yenyewe haijapatiwa dawa ya kuiponya, lakini mgonjwa husaidika.

Tatu, msihamishe kitanda wala vyombo vyake. Mswala wake uwe umetandikwa mahali pamoja, umeelekea kibla. Taa iwake usiku njia ya kwenda msalani na anapotilia udhu.

Nne, asizuiwe msikiti, bali asindikizwe. Wekeni namba ya simu katika mfuko wa kanzu yake, na waambieni majirani, wenye maduka na vijana wa bodaboda. Akipotea, tafuteni pia nyumba aliyokaa zamani, kwani kumbukumbu za kale huchelewa kufutika.

Tano, msimgombeze. Tumekatazwa hata kuguna mbele ya wazazi wetu, seuze kumcheka aliyepotewa na njia. Dua zisomwe, lakini dua haizuii matibabu, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Mzee wetu yule sasa huenda Ishaa akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Baba yako alikuonyesha njia ya kwenda madrasa ulipokuwa huijui. Ikiwa leo ramani yake inafutika, ni zamu yako kumwonyesha.

Wabillahi tawfiq.