Linapodondokea Siko Linakoingilia

Mfuko wa gundi ya vigae ukilowa hauna dawa. Usiku mmoja wa mvua unatosha. Asubuhi fundi anafungua mlango wa nyuma wa HiAce yake, anainua mfuko wa chini kabisa, nao unamjia mzima mzima kama tofali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliolala pembeni umeshika upande mmoja. Mashine ya kukatia vigae imeanza kuota kutu. Anatazama juu: dari ni kavu, hakuna tundu wala alama ya tone.

Kisa cha namna hii hujirudia Dar es Salaam na Nairobi kila masika yanapoingia. HiAce ndiyo gari la kazi la watu wengi: mafundi umeme, wauza mikate, wapiga picha za harusi, wabeba maturubai na viti. Nyingi zimeingia nchini zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa Japani. Toleo la 1989 na lile la 2004 yote yana mfereji mwembamba wa bati pembezoni mwa paa, na mfereji huo ni msaada mkubwa kwa anayetaka kufunga keria. Ndio pia mahali pa kwanza pa kutilia shaka gari linapovuja.

Sababu ni jinsi paa lilivyotengenezwa. Si bati moja. Ni vipande vilivyolehemiwa nukta kwa nukta, na nafasi iliyobaki kati ya nukta na nukta ikazibwa kwa gundi ya maungo kabla ya kupigwa rangi. Gundi hiyo ikichomwa na jua miaka kumi na tano au ishirini hukauka, ikapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ikishuka, mfereji unajaa na maji yanajipenyeza. Yanakuta boriti ya paa, yanaifuata nyuma ya dari, yanashuka ndani ya nguzo ya ubavuni na kutokezea sakafuni, pengine mita mbili kutoka yalikoingilia. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, njia inabadilika. Likifunga breki, maji yaliyotuama yanakimbilia mbele, na mwenye gari yuko radhi kuapa kwamba kioo cha mbele ndicho kibovu.

Keria inayobana mfereji haina neno, ila ikizidishiwa mzigo mfereji unapinda na gundi inaachia. Mbaya ni ile iliyotobolewa paa na kukazwa kwa bolti, kwa sababu kila bolti ni tundu, na vaisha ya mpira iliyo chini yake haidumu chini ya jua la Kariakoo. Zaidi ya hapo wapo washukiwa wadogo wadogo: taa ya breki iliyo juu ya mlango wa nyuma, kitako cha antena, raba za taa za nyuma, na kioo kilichowahi kubadilishwa na mtu mwenye haraka. Kisu kikikwaruza rangi wakati wa kutoa kioo cha zamani na mkwaruzo ukaachwa bila praima, kutu huanza kimya kimya chini ya gundi mpya na kuinyanyua.

Kwa hiyo kabla ya kuziba chochote, gari linavuliwa nguo. Viti vinatoka, plaiwudi ya sakafu inatoka, mbao za ubavuni zinatoka, bati linabaki tupu. Magazeti makavu yanatandikwa sakafuni. Mtu mmoja anaingia ndani na tochi, milango inafungwa, na mwenzake anabaki nje na mpira wa maji. Asikamue mdomo wa mpira. Maji yatiririke tu, kwani yakirushwa kwa nguvu yatapenya hata pasipopitisha mvua. Anaanza chini, kwenye ukingo wa mlango, dakika tano. Kisha taa. Kisha vioo. Mfereji wa paa unakuja mwisho kabisa. Wengi hukosea hapa: wanaanza juu, maji yanashuka na kulowesha kila kitu kwa mkupuo, na baada ya hapo hakuna awezaye kusema ni wapi palipovuja.

Aliye ndani anahitaji subira kuliko macho makali. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna kitu. Halafu kwenye pembe ya maungo, juu ya dirisha la pili, ushanga mmoja wa maji unachungulia. Unavimba, unaning'inia, lakini haudondoki. Unateleza kuufuata ukingo wa boriti hadi unapotelea ndani ya nguzo. Hapo ndipo chaki inapowekwa, mahali ushanga ulipozaliwa. Gazeti lililolowa liko karibu na mlango wa nyuma.

Ipo njia nyingine isiyolowesha. Feni ya gari inawashwa hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, milango na vioo vyote vinafungwa, kisha povu la sabuni linapakwa maungoni kwa nje. Penye ufa, hewa inatoka na povu linatoa malengelenge. Na raba za mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi: funga mlango juu yake, kivute. Kikitoka bila kukwama, raba imelala.

Hapa sasa ndipo kazi nyingi huharibikia. “Piga silikoni hapo juu, bosi, imeisha hiyo.” Hizo ni mbio za sakafuni. Silikoni ya bei nafuu, ile inayonuka siki inapokauka, hutoa asidi inayochokoza kutu kwenye bati lililo wazi. Tena rangi haishiki juu yake, wala gundi nyingine haishiki, hivyo fundi atakayefuata atatumia nusu siku kuikwangua. Kinachofaa ni gundi ya maungo ya poliyurethani, inayouzwa kwa ajili ya bodi za magari. Gundi ya zamani inakwanguliwa yote, kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati ling'ae, praima inapakwa na kuachwa ikauke, ndipo gundi mpya inavutwa na kulainishwa kwa kidole, kisha rangi. Bati likiwa limeliwa hadi kutoboka, linahitaji kiraka cha kulehemu. Puti ikipakwa juu ya tundu la kutu itabanduka.

Ila si kila maji ni ya mvua. Sakafu ikilowa siku ya jua kali, kitazamwe kiyoyozi: mpira wake wa kutolea maji ukiziba kwa vumbi, maji hurudi ndani. Yakiwa yananata na yana rangi nyekundu au ya kijani, hiyo ni kulanti, na tatizo liko kwenye kipasha joto. Milango nayo imeumbwa iruhusu maji kupita ndani yake na kutokea kwenye matundu ya chini; matundu hayo yakijaa tope, mlango unageuka ndoo. Waya mwembamba unatosha kuyazibua. Na wanaofanya kazi kwenye baridi ya Limuru au Njombe huamka na kukuta bati linatoa jasho kwa ndani, hasa wakilaza maturubai mabichi garini. Jasho hilo halizibwi kwa gundi. Linahitaji kioo kiachwe wazi kidogo.

Plaiwudi isirudishwe haraka. Huficha maji kwa wiki nzima na zaidi huku juu ikionekana kavu, na bati lililo chini yake ndilo linalooza. Heri ianikwe, ipakwe rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, isubiri. Mvua ya kweli inayofuata, gari lilazwe nje likiwa bado tupu, magazeti sakafuni, na alfajiri mtu aingie na tochi kuyapapasa moja moja.