Yogyakarta au Jogja? Safari ya jina lililotoka Ayodhya

Anayekata tiketi ya ndege kwenda Yogyakarta, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, hukuta viwanja viwili. Cha zamani, Adisutjipto, alama yake ni JOG. Kipya, kilichojengwa Kulon Progo, alama yake ni YIA. Mji ni ule ule, lakini kiwanja kimoja kimeandikwa kwa J na kingine kwa Y. Makarani hawakukosea. Barua za serikali huandikwa Yogyakarta, na mwenyeji akifungua kinywa husema Jogja. Kila namna ina historia yake, na ukizifuata zote mbili unafika mbali na Java.

Tuanze na siku jina lilipopata kiti. Tarehe 13 Februari 1755, Mkataba wa Giyanti uliugawa ufalme wa Mataram vipande viwili, baada ya vita vya miaka kadhaa vya kugombea utawala. VOC, kampuni ya biashara ya Waholanzi, ilikuwa na mkono mrefu katika mapatano hayo. Mfalme Pakubuwana III alibaki na nusu moja, makao yake yakiwa Surakarta. Ami yake, mwanamfalme Mangkubumi aliyeongoza uasi, alipewa nusu ya pili, akatawazwa kwa jina la Sultani Hamengkubuwana I. Makao yake mapya aliyaita Ngayogyakarta Hadiningrat.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati mwanzoni mwa jina hilo. Ile “ng” hutamkwa kama ng’ ya ng’ombe, sauti inayowashinda Wazungu wengi ikija mwanzoni mwa neno. Kwa Kijava, sauti hiyo hupachikwa kwenye majina ya mahali yanayoanza kwa irabu. Ampel huwa Ngampel, na Ayogya huwa Ngayogya. Kazi yake haiko mbali na ile ya -ni yetu katika Forodhani au Shangani, ila wao huitanguliza nasi huiweka mwisho.

Ukiivua ng hiyo, unabaki na Ayogya, na hapo ndipo tunapovuka bahari kwenda Bara Hindi. Ni Ayodhya, mji wa shujaa Rama katika utenzi wa Ramayana. Kwa Kisanskriti, a- hukanusha na yodhya ni kitu cha kupigwa vita, hivyo Ayodhya ni mji usioshindika vitani. Sauti ya “dy” ililegea katika vinywa vya Wajava ikawa “gy”. Karta nayo hutoka katika neno la Kisanskriti krita, yaani kilichofanywa kikatimia. Katika imani za Kihindu, Krita ndiyo enzi ya kwanza ya dunia, enzi ya wema mtupu, na ndiyo maana Wajava wakisikia karta hufikiria amani na neema. Hadiningrat ni sifa ya ziada: bora duniani.

Huenda mtu akashangaa kuona sultani Mwislamu akiuita mji wake kwa jina la mji wa Rama. Wajava hawakuona ajabu. Kisa cha Rama kilichongwa kwenye mawe ya hekalu la Prambanan, si mbali na Yogyakarta, tangu karne ya 9, na Uislamu ulipoenea kiliendelea kusimuliwa katika michezo ya vivuli iitwayo wayang. Sultani yule yule alijiita pia Ngabdurrahman na Kalifatullah. Hiyo Ngabdurrahman ni Abdurrahman wetu, lakini ng yake isichanganywe na ile ya mahali. Hapa inashika nafasi ya herufi ‘ayn ya Kiarabu. Neno la Kiarabu ‘ilm lilipofika pwani yetu likawa elimu, na lilipofika Java likawa ngelmu.

Wajava hawakuwa peke yao kulipenda jina la mji wa Rama. Huko Siam, inayoitwa Thailand leo, ufalme ulioanzishwa mwaka 1351 kando ya mto Chao Phraya uliitwa Ayutthaya, neno lile lile likipita katika masikio ya Wathai. Mwaka 1767 majeshi ya Burma yaliuteka mji wake mkuu na kuuteketeza. Yogyakarta nayo imetekwa zaidi ya mara moja. Juni 1812 askari wa Kiingereza waliivamia kasri ya sultani wakaipora, na tarehe 19 Desemba 1948, mji ukiwa makao makuu ya Jamhuri changa ya Indonesia, Waholanzi waliuingia na kuwakamata viongozi wake, Sukarno na Hatta. Basi anayedhani jina huueleza mji ulivyo atakwama hapa. Mangkubumi, aliyetoka porini akiwa na nusu ya ufalme mkononi, alihitaji jina la kuwaambia watu kwamba hii nusu yake ndiyo yenye haki.

Turudi kwenye J na Y. Katika tahajia ya Kiholanzi, herufi j husomwa kama y yetu, na sauti ya j yetu iliandikwa dj. Nyaraka za Waholanzi huandika Djokjakarta, yaani “Jokyakarta” kwa usomaji wetu. Maandishi hayo ni ushahidi kwamba y ya mwanzo ilikuwa imekwisha kuwa j katika matamshi ya watu. Mwaka 1972 Indonesia ilirekebisha tahajia yake: dj ikawa j, j ikawa y, na Djakarta ikawa Jakarta. Kwa mji wetu, maandishi rasmi yalishika Yogyakarta, umbo lililo karibu zaidi na asili ya kale, na mdomo ukabaki na Jogja.

Kuna sauti nyingine inayowachanganya wageni. Katika Kijava cha maeneo hayo, a iliyo mwisho wa neno, bila konsonanti ya kuifunga, hutamkwa kama o pana, na mara nyingi huivuta a iliyoitangulia. Jawa husikika “Jowo” na karta husikika “karto”. Ndiyo sababu utakuta Hamengkubuwana na Hamengkubuwono, mtu yule yule. Surakarta nayo ilijengwa mwaka 1745 kwenye kijiji cha Sala, na leo watu wengi huiita Solo.

Bado kuna maelezo ya pili ya jina, ambayo utayasikia kwa wenyeji wengi. Neno yogya lipo katika Kijava chenyewe, nalo lina maana ya kufaa au kustahili. Kwa hiyo wapo wanaosoma Yogyakarta kuwa ni mji unaostahili neema. Mwanaisimu atasema historia ya sauti inaelekeza Ayodhya, na atakuwa sahihi kuhusu chimbuko. Lakini asiyatupe maelezo ya wenyeji, kwa sababu jina huishi kwa kueleweka na wanaolitamka kila siku, na wengi wao hawakusoma Kisanskriti.

Kwa hiyo ukiulizwa Yogyakarta maana yake nini, uliza kwanza: kwa nani, na lini? Kwa Kisanskriti sehemu yake ya kwanza ni mji usioshindika. Kwa Mangkubumi mwaka 1755 ilikuwa hoja ya kisiasa. Kwa mwenyeji wa leo ni mahali panapostahili heri. Kwenye maandishi ya Kiswahili tumia Yogyakarta, lililo rasmi. Ukifika huko, sema Jogja, na ukikutana na mzee wa kasri, tamka Ngayogyakarta kwa ng’ yako ya ng’ombe.