Trakta kwa njia ya shamba: lama ao godeti?

Huku Kisangani, karibu na ikweta, mvua haina konji. Mwenye shamba ku route ya Buta ao ya Ituri anajua: njia ikijaa matope, mihogo na mafuta ya mawese vinabakia porini.

Wengi wanakodi trakta yenye godeti mbele. Tunasema: angalieni! Godeti inachota matope pamoja na changarawe, inaacha shimo, na mvua ya kesho inalijaza. Heri lama ya nyuma, ile chuma pana, iwekwe mshazari: inarudisha changarawe toka pembeni mpaka katikati. Toka katikati, njia ishuke sentimita 4 kwa kila meta, maji yaende ku kanivo.

Kanivo ikiziba, ni kupoteza mazutu bure. Basi kwanza beleshi, kisha trakta. Na mvua ikinyesha, kamio ingoje njia ikauke.